Je, Wajua Redis Huhifadhi Vipi Data Zake Kabla ya Kuzimwa?

Redis ni programu ya hifadhidata iliyobuniwa na Salvatore Sanfilippo, mtaalamu wa kompyuta kutoka Sicilia nchini Italia, na kutolewa kwa umma mwaka 2009. Wakati hifadhidata nyingi huweka data zake diskini, Redis huziweka zote katika RAM, yaani memori ya kazi, ambayo husomwa na kuandikwa kwa kasi kubwa lakini hupoteza kila kitu umeme unapokatika.

Kuhamishia data hizo diskini ili zisipotee si suala la kunakili tu. Ndani ya memori, vipengele vya orodha moja huweza kutawanyika huku na huko, vikiunganishwa na vielekezi, yaani namba zinazotaja anwani ya kila kipengele. Na programu inapowashwa upya anwani hizo huwa hazina maana tena, kwa kuwa mfumo endeshi huipangia nafasi nyingine. Kwa hiyo Redis huufumua muundo mzima na kuuandika kama mfululizo mmoja wa baiti, ikitaja aina ya data, urefu wake na yaliyomo, bila kubakiza anwani hata moja. Faili linalopatikana, ambalo kwa kawaida huitwa dump.rdb, huanza kwa herufi tano za jina REDIS zikifuatwa na tarakimu nne za toleo, na huishia kwa baiti 8 za uhakiki zinazowezesha faili lililoharibika kutambuliwa.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba data huendelea kubadilika wakati zinaandikwa, na faili ambalo nusu yake ni ya kabla ya badiliko na nusu ni ya baada yake huonyesha hali ambayo haikuwahi kuwapo. Hapa ndipo ustadi wa Redis unapostahili kusifiwa: huuomba mfumo endeshi uzae mchakato mtoto, ambao hutumia kurasa zilezile za memori za mzazi, kila moja ikiwa kwa kawaida na baiti 4,096, na mzazi anapotaka kubadili ukurasa wowote, ukurasa huo hunakiliwa kwanza, hivyo mtoto huendelea kuziona data kama zilivyokuwa alipozaliwa. Mtoto huandika kwenye faili la muda, ambalo hupewa jina rasmi pale tu linapokamilika, na kwa njia hiyo faili la zamani haliharibiki hata mtambo ukizimika katikati ya kazi.

Faili hilo huandikwa kwa vipindi tu, hivyo kwa wasioweza kuvumilia kupoteza mabadiliko ya dakika kadhaa, ipo pia kumbukumbu ya amri, faili ambamo kila amri inayobadili data huongezwa mwishoni na kusukumwa diskini, kwa kawaida kila sekunde, kisha amri hizo hutekelezwa upya programu inapowashwa. Umeme ukikatika amri ya mwisho ikiwa imeandikwa nusu, Redis huikata hiyo peke yake na kupakia zote zilizoitangulia.