Moteri ya kusaga nayo inataka hewa baridi

Safari hii hatusemi juu ya mbegu wala mbolea. Tunasema juu ya ile moteri ya mazutu inayosaga mahindi na mihogo yenu. Katika vikao tunasikia malalamiko ya namna moja: asubuhi moteri inasaga vizuri, lakini kufika saa sita inalegea, inatoa moshi mweusi, na wamama wanapanga mstari mpaka jioni. Kisha kamati inaanza kusema: tutoe akiba, tununue moteri kubwa. Ombi letu ni hili: kabla ya kutoa franka hata moja, muangalie kwanza ile moteri inapumua hewa gani.

Hewa nayo ni chakula

Mazutu tunayahesabu juu tunayanunua. Hewa hatuhesabu, juu ni ya bure. Lakini lita moja ya mazutu inataka zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue vizuri. Ile moteri ya silinda moja, ya nguvu za farasi 12, yenye tangi la maji juu, inavuta karibu lita 800 za hewa kila dakika. Ni kama mapipa manne ya lita 200!

Sasa, hewa ikipata joto inapanuka na kuwa nyepesi. Joto likipanda digri 10, hewa inapoteza karibu asilimia 3 ya uzito wake. Kama nje ni digri 25 na ndani ya nyumba ya moteri ni digri 55, hewa inayoingia imepungua kama asilimia 9. Mkulima anajua hii mambo: ndoo imejaa, kumbe nusu ya mahindi ni pepe. Silinda nayo inajaa, lakini inajaa hewa pepe. Moteri ikilemewa inaongeza mazutu ili mwendo usishuke. Hewa haitoshi, mazutu hayaungui yote, na yanatoka kama moshi mweusi. Ule moshi ni franka zenu zinazopita juu ya bati.

Kwa wenzetu wa milimani shida ni kubwa zaidi. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na kule hewa tayari ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Tusiongeze hasara nyingine kwa mikono yetu.

Joto linatoka wapi?

Katika mazutu tunayochoma, karibu theluthi moja tu inageuka kuwa nguvu ya kusaga. Yote yanayobaki ni joto: linatoka na moshi, linachemsha maji ya tangi, linajaa nyumbani. Nyumba nyingi za moteri ni ndogo, mlango mmoja, dirisha limefungwa juu ya wezi. Moteri inapumua joto lake yenyewe.

Tena kuna joto la kusimama. Mukizima moteri ikiwa moto sana, chuma kinaendelea kutoa joto, nalo linapanda mpaka kwenye filtre na tiyo ya hewa. Mukiwasha tena kisha dakika kumi, inaanza na hewa iliyochemka. Wenye magari wanajua shida hii: gari likisimama kwenye jua na moteri ni moto, likiondoka linakuwa zito kwanza.

Kufanya nini?

1. Kwanza muondoe sababu zingine. Filtre chafu, injekta mbaya, ao mawe ya kusaga yaliyobanwa sana vinatoa moshi uleule mweusi. Fundi aangalie.

2. Mulete hewa ya nje. Mutoboe ukuta upande wa kivuli, mupitishe tiyo ya chuma mpaka kwenye mdomo wa filtre. Iwe fupi, isiwe nyembamba kuliko ule mdomo, isiwe na kona nyingi. Mwisho wa nje uangalie chini juu ya mvua, uwekwe wavu, na uwe juu kuliko vumbi la njia. Filtre isitolewe hata siku moja: vumbi na unga vinakula silinda.

3. Bomba la moshi litoke nje, upande mwingine wa nyumba, mbali na mdomo wa hewa. Moshi ukijaa nyumbani unaweza kuua mtu bila yeye kusikia harufu kali. Bomba lisiguse nyasi wala mbao.

4. Kama bomba la moshi na tiyo ya hewa vimekaribiana, muweke kipande cha bati la zamani katikati. Kisiguse upande wowote. Nafasi ya vidole viwili inatosha.

5. Mufungue njia mbili za upepo: moja chini upande wa baridi, moja juu karibu na paa, upande mwingine. Joto linapanda, lipewe mlango wake. Nondo zitazuia wezi na upepo utapita.

6. Kabla ya kuzima, muache moteri izunguke bila mzigo dakika tatu ao tano. Musimwage maji baridi ndani ya tangi lililochemka, juu chuma kinaweza kupasuka.

Musitumie tiyo ya plastiki karibu na moteri: inalegea na kuziba njia ya hewa.

Mupime, musitusadiki bure

Hatuahidi muujiza. Moteri iliyochoka haitakuwa mpya. Ndiyo maana tunawaomba mutumie kaye. Juma moja kabla ya kazi hii, muandike kila siku: lita za mazutu, kilo zilizosagwa, saa za kuanza na kumaliza. Kisha kazi, muandike tena juma moja, kwa mzigo wa namna ileile, mahindi kwa mahindi. Mugawanye kilo kwa lita.

Kilo zikiongezeka kwa kila lita, akiba ya wanamemba imepona, na wamama watarudi nyumbani mapema. Zisipoongezeka, ile kaye itawasaidia mbele ya fundi ao mbele ya muuzaji, juu mutasema kwa hesabu, si kwa kukisia. Mulete hizo hesabu katika kikao kinachokuja, tutazisoma pamoja.