Je, Wajua? Breki ya Baiskeli Ndani ya Fidla

Nyuzi za fidla zilipokatika na mpya hazipatikani, wanamuziki wa okestra moja ya Kinshasa walitumia waya wa breki ya baiskeli. Waliufunga kwenye chombo, wakaukaza, mazoezi yakaendelea.

Okestra hiyo, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi. Babu yake ni Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa na wakoloni wa Kibelgiji mwaka 1921, akafia gerezani mwaka 1951.

Mwanzoni wapigaji walikuwa wengi kuliko fidla. Wakapokezana: huyu anapiga dakika 20, anampa mwenzake. Hebu fikiria uvumilivu huo! Wengi hawakuwa wamesoma muziki. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua.

Mchana wengine ni mafundi umeme, wengine wako sokoni. Jioni wanakutana kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, pamoja na kwaya. Umeme wa mji nao hukatika katikati ya mazoezi.

Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya Uingereza ilimpa Diangienda uanachama wa heshima. Aliustahili.