Mchezo wa Kinamasi na Funzo Lake kwa Askari

Askari aliyepata kupiga doria usiku kando ya kinamasi hahitaji kuelezwa jinsi mafunjo yanavyoweza kumdanganya mtu. Upepo ukivuma, husikia nyayo. Samaki akiruka, hudhani kuna mtu aliyejitosa majini. Eneo la mpakani kutoka Mella, wilayani Tororo, hadi Busia ni nchi ya mito na mabonde ya maji. Mto Malaba na mto Sio, ambayo kwa sehemu ndiyo mpaka wa Uganda na Kenya, hupita humo. Malaba huelekea upande wa Ziwa Kyoga, na Sio huelekea Ziwa Victoria. Kinamasi cha Sio-Siteko kimelala pande zote mbili za mpaka, na maji yake hayamwulizi mtu pasi.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mchezo mmoja wa mezani ambao, kwa mtazamo wa kwanza, waonekana kuwa wa watoto. Wachezaji huizunguka meza, na kila mmoja hujitwalia nafsi ya kubuni: huyu mpiga upanga, yule mganga, mwingine mwizi mwenye vidole vyepesi. Mmoja wao huwa mwamuzi. Yeye peke yake ndiye aijuaye ramani yote na mazimwi yaliyojificha ndani yake. Huwaeleza wenzake wanachokiona na wanachokisikia, kisha huwauliza: "Mnafanya nini?" Jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dado.

Mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuuzwa kwa umma, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1975 Arneson alichapisha safari iliyotungwa tayari kwa wachezaji, ya kwanza ya aina yake, nayo ilikuwa ya kinamasi: wasafiri walipaswa kulifikia hekalu la chura katikati ya matope na viumbe vya kutisha.

Lakini asili ya mchezo huu ni jeshini. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, luteni wa mizinga katika jeshi la Prussia, alitoa sheria za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo, dado na mwamuzi. Baba yake alikuwa ametangulia kubuni mchezo kama huo kwa kutumia mchanga mezani. Jenerali von Müffling, mkuu wa majeshi, alipoutazama alikiri kuwa hayo yalikuwa mafunzo ya vita hasa, akaupendekeza kwa jeshi zima. Mwaka 1880 Charles Totten, afisa wa jeshi la Marekani, alichapisha kitabu chake cha mchezo wa vita, Strategos. Kitabu hicho kilimfaa David Wesely, ambaye mwaka 1969 aliwaongoza Arneson na wenzake katika mchezo ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja badala ya kuamuru kikosi. Kutoka hapo ndipo mazimwi yalipoingia.

Katika sheria zile za mwaka 1974 kuna jambo moja ambalo askari yafaa alitie moyoni. Kiumbe kikitokea njiani, mwamuzi aliweza kurusha dado mbili ili kujua nia yake. Jumla ikiwa 2 hadi 5, kiumbe ni mkali. 6 hadi 8, kina shaka. 9 hadi 12, kina nia njema. Yaani hata katika nchi ya mazimwi, si kila atokeaye gizani ni adui. Tena alama nyingi za mchezaji zilitokana na hazina aliyoirudisha salama nyumbani kuliko idadi ya aliowaua.

Tuchukue mfano. Askari watano wameketi mbele ya sinia la mchanga; uzi wa buluu ni mto, majani makavu ni mafunjo. Mwamuzi asema: "Ni saa kumi usiku. Mbele yenu mafunjo yanatikisika, na pua inaonekana juu ya maji." Wa kwanza ataka kufyatua risasi. Wa pili ataka kuwasha tochi. Wa tatu auliza upepo watoka wapi. Mwamuzi awafunulia: huyo alikuwa nzohe, paa wa kinamasi, ambaye kwato zake ndefu humwezesha kutembea matopeni, naye akishtushwa huzama na kuacha pua tu juu.

Wanaendelea. Kivuli kingine chatokea, safari hii kikiwa na panga mkononi. Aliyefyatua risasi ameua mkata mafunjo aliyewahi kazini kabla ya jua kuwa kali. Mezani, marehemu ni kipande cha mti. Kinamasini angekuwa baba wa watoto, na kesho yake hakuna mwanakijiji ambaye angewaambia askari hao njia wapitayo wezi wa ng'ombe.

Kisha aja mvuvi asemaye Kiganda, awaonya kwamba mbele kuna "mmamba". Askari wa Kiswahili husikia mamba, mla watu, hurudi nyuma. Kumbe katika Kiganda mmamba ni kamongo, samaki yule avutaye hewa na awezaye kuishi ndani ya tope wakati wa kiangazi. Kwa neno moja lisiloulizwa vizuri, doria nzima imeacha njia yake.

Na adui wa kweli? Wakati wote huo askari wetu watano wamesimama majini hadi magotini, wala hapana aliyeuliza juu ya konokono waenezao kichocho, wala mbu waletao malaria. Masimulizi ya Waganda na Wasoga yana Lukwata, joka kuu la Ziwa Victoria, lakini kijidudu cha kichocho, kisichoonekana kwa macho, hupenya ngozi bila kelele na ugonjwa wake huweza kujitokeza baada ya muda mrefu.

Kwa hiyo twawashauri makamanda wa vituo na wa vikosi walijaribu jambo hili, kwani sinia la mchanga na dado mbili havihitaji fungu kubwa la fedha. Mwamuzi naye awe mtu akijuaye kinamasi, hata kama hana cheo: askari mzaliwa wa hapo, au mvuvi mzee aliyealikwa kwa heshima. Koplo na amuulize sajini, "Je, huyo tumemtambua?" bila kuogopa, maana mezani swali halivunji nidhamu. Aliyekosea mezani huokota dado akaanza upya. Aliyekosea kinamasini humwachia mwenzake, au mwananchi asiye na hatia, kulipa deni lake.