Lehemu ya Chakula na Saratani ya Mji wa Mimba
Lehemu ya chakula, yaani kolesteroli, hutoka kwenye vyakula vya wanyama. Inapatikana kwa wingi kwenye kamba, kama wale wa delta ya Rufiji, na kwenye kiini cha yai, ambacho kimoja hubeba takriban miligramu 200. Nazi haina lehemu, ingawa mafuta yake huipandisha ile ya damuni.

Baadhi ya tafiti zimeona kwamba wenye saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba walikula lehemu nyingi kuliko wasio nayo. Tafiti za kufuatilia wanawake kwa miaka hazikukubaliana na hilo. Lenye uhakika ni unene. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, na hedhi ikishakoma hakuna projesteroni ya kuizuia isiukuze ukuta huo. Ndiyo maana chipsi na soda za kila siku, zisizo na lehemu lakini zinazonenepesha, huenda zikadhuru kuliko bakuli la kamba.

Dalili kuu ya saratani hii ni damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata matone. Kipimo cha siki cha shingo ya kizazi hakiigundui. Huhitajika kipande cha ukuta wenyewe kichunguzwe maabara. Matibabu ya saratani hutolewa Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam.