Mgeni Mnene Bandani: Kufuga Orpington Pamoja na Kuku wa Kienyeji

Bumu la semesta iliyopita lilipoingia, wenzangu walibadilisha simu. Mimi nilinunua kuku wawili. Usicheke kwanza. Walikuwa Orpington wa rangi ya dhahabu, jogoo na jike, na walinigharimu karibu hela yote ya kula ya mwezi. Niliwapeleka nyumbani Morogoro kwa mama nikiamini nimeula. Ndani ya wiki mbili, kuku 11 wa mama walikuwa wamekufa.

Naandika haya kwa sababu chuoni siku hizi kila kona kuna mtu anayepanga kufuga. Picha za kuku wa urembo zinapita kwenye makundi ya WhatsApp, na wengi wetu tunataka kuwachanganya na kuku ambao tayari wapo nyumbani. Inawezekana. Ila nilivyofanya mimi, usifanye.

Orpington ni nani?

Jina lake linatokana na mji wa Orpington, uliokuwa Kent wakati huo, Uingereza. Mfugaji aliyeitwa William Cook alimtoa mwaka 1886 kwa kuchanganya Minorca, Langshan na Plymouth Rock, akitaka kuku mmoja anayetoa nyama na mayai. Wa kwanza walikuwa weusi. Hawa wa dhahabu walifuata mwaka 1894. Australia nao wakawachukua wale weusi, wakawaboresha kwa utagaji, akapatikana Australorp. Mwaka 1922 hadi 1923 kuku jike sita wa Australorp walitaga jumla ya mayai 1,857 kwa siku 365. Malawi ilisambaza Australorp weusi vijijini, na ndiyo maana hapa kwetu wauzaji wengi humwita kuku wa Malawi.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna wale weusi wa Malawi, ukoo wa Orpington umeshafika uani. Mama alikuwa nao watatu. Waliobaki walikuwa wa kienyeji, wakiwemo kishingo wawili na jogoo mmoja mwenye damu ya kuchi. Jumla kuku 19. Hao 19 si mapambo. Mayai yao na jogoo wa sikukuu ndivyo vinavyolipa michango ya shule ya mdogo wangu.

Orpington ni mzito. Jogoo hufika kilo nne na nusu hivi, jike tatu na nusu au zaidi kidogo. Manyoya yake ni mengi na yamefumuka, kiasi kwamba kwa macho unamwona mkubwa kuliko alivyo. Ni mpole, haruki juu, na jike ana moyo wa kuatamia. Ukimwangalia utadhani akiingia uani wote watamwachia njia. Mimi nilidhani hivyo.

Kosa la kwanza: nilitaka sifa

Nilisafiri nao ndani ya tenga. Nilipofika mjini nikapitia sokoni kununua pumba, nikaliweka tenga chini, jirani kabisa na matenga ya kuku wa kuuza. Watu wakakusanyika. Huyu anauliza bei, yule anataka kumshika jogoo. Nikafurahi, nikakaa pale karibu saa nzima. Nilipofika nyumbani nikafungua tenga katikati ya uwanja, mchana kweupe, ili mama awaone vizuri.

Siku ya sita kuku wa kwanza alijikunyata. Halafu wakafuata wengine: kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda. Kideri, au kama wengine wanavyouita, mdondo. Afisa mifugo wa kata alipokuja aliuliza maswali mawili tu. Hawa wageni wamepitia wapi? Na hawa wenyeji wamechanjwa lini? Swali la kwanza nililijibu mimi, nikitazama chini. La pili alilijibu mama: zaidi ya mwaka.

Orpington wangu hawakuumwa hata siku moja, kwa kuwa walichanjwa kabla sijawanunua. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Kuku aliyechanjwa anaweza kubeba virusi na kuvitoa kwa wenzake huku yeye ni mzima. Na virusi vyenyewe husafiri kwenye tenga, kwenye viatu, kwenye kinyesi kilichoganda. Sijui ni kipi hasa kilivileta, lakini vyote vilipita mkononi mwangu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe wazuri hawafi." Neno hilo lilinikaa kuliko kugombezwa.

Utaratibu ambao ningeufuata ni huu. Kwanza, wenyeji wachanjwe kabla mgeni hajanunuliwa. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja kwenye jicho, dozi ile ile kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga inahitaji kama wiki mbili kujijenga. Ukumbuke kuwa chanjo si dawa; kuku akishaugua, tone halimsaidii. Pili, mgeni akae peke yake wiki tatu hadi nne, mbali na wenzake, na vyombo vyake vya maji na chakula. Mhudumie wa mwisho, kisha unawe na ubadilishe viatu. Tatu, na hili alinipa yule afisa, wiki ya mwisho mwekee mwenyeji mmoja akae naye. Huyo akiumwa, umepoteza mmoja badala ya kundi.

Kosa la pili: niliamini ukubwa

Hata kabla ya ugonjwa, mambo uani hayakuwa sawa. Yule jogoo mwenye damu ya kuchi, ambaye uzito wake haufikii wa Orpington, alimpiga mgeni mpaka kilemba kikatoka damu. Jike alikuwa na hali mbaya zaidi. Chakula kikimwagwa, kuku wa kienyeji walimdonoa mgongoni, naye akasogea pembeni akasimama tu. Siku ya nne nikamshika kifuani, chini ya yale manyoya yote. Mfupa mtupu.

Kuku wana ngazi zao. Mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alizieleza kwenye tasnifu yake ya mwaka 1921: kila mmoja anamjua anayeruhusiwa kumdonoa na anayemdonoa yeye. Mgeni akiingia, ngazi inavunjika na lazima ipangwe upya. Kinachompa kuku nafasi ya juu si kilo peke yake. Ukali, wepesi na uenyeji vina uzito wake. Orpington hana ukali na hana wepesi, na siku ya kwanza hana hata uenyeji.

Basi baada ya ule msiba tulianza upya na kuku wanane waliobaki. Nilikata pembe ya uwanja kwa wavu, wageni wakakaa upande wao. Walionana na wenzao siku kumi bila kuguswa. Kisha tukawahamishia bandani usiku, wengine wakiwa wamelala. Asubuhi ugomvi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa dakika, si wa kutwa. Usimwingize mgeni akiwa peke yake kama unaweza kuwaingiza wawili. Na weka vitu vya kujificha nyuma yake: pipa, kipande cha bati kilichosimamishwa, gogo. Anayefukuzwa anahitaji tu kutoonekana kidogo ili mambo yaishe.

Chakula ndicho kiini cha yote. Tulikuwa na sahani moja. Tukafanya tatu, zikiwa mbali kiasi kwamba mbabe mmoja hawezi kuzilinda zote. Maji vilevile, sehemu mbili. Na kila Jumapili tunamshika kila kuku kifuani, kwani manyoya ya Orpington yanadanganya macho.

Nilipokuwa field, nikifundisha darasa lenye wanafunzi zaidi ya 70, nilikuwa nikiuliza swali na kunyanyuliwa mikono ile ile sita. Kule nyuma kulikuwa na kijana mrefu, mtulivu, daftari safi. Nikajiambia huyu hana shida. Mtihani ulipokuja alipata 18. Sisemi wanafunzi ni kuku. Nasema mimi mwenyewe nilikuwa na sahani moja.

Joto, fito na mayai

Morogoro ya Januari si Kent. Kuku hatoki jasho. Hupunguza joto kwa kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa, na koti la Orpington linamfanya ateseke mapema kuliko kishingo. Anahitaji kivuli cha kweli, maji ya baridi kwenye chombo cha udongo, na chakula asubuhi mapema na jioni badala ya saa saba mchana. Ukimwona anahema wakati wengine wanaparura, mpeleke kivulini. Usisubiri.

Fito za kulalia ziwe chini, urefu wa goti hivi. Kuku mzito akiruka toka juu kila asubuhi anaumia nyayo na kupata jipu. Jogoo naye asipewe majike madogo peke yao, maana uzito wake unawachubua mgongo. Na kama unataka vifaranga halisi wa Orpington, mtenge jike na majogoo wengine wiki tatu au zaidi kabla ya kukusanya mayai, kwa kuwa mbegu ya jogoo wa zamani hukaa ndani yake muda mrefu. Kwa mayai tu usimtegemee sana. Wetu hutaga matatu kwa wiki, halafu anaacha na kuatamia.

Lakini kuatamia huko ndiko kulikomwokoa. Mama alishasema wauzwe wote wawili, na jogoo tulimuuza kweli. Jike alipokataa kutoka kiotani, mama akamwekea mayai 12 ya kuku wetu wa kienyeji. Tulikiweka kiota chini kabisa na kukijaza nyasi nene, kwa sababu uzito wake unaweza kupasua mayai. Mawili yalipasuka. Siku ya 21 vifaranga tisa walikuwa chini ya yale manyoya, na usingejua kama kuna kitu mpaka wanyooshe vichwa.

Wawili walichukuliwa na mwewe. Saba wamekua, wamechanjwa, na yule jogoo wa kuchi hamsogelei mama yao. Mama amempa jina: Mgeni. Hazungumzii tena kumuuza.

Kwenye daftari lake la michango ameandika hesabu yangu kwa penseli: 11, kutoa saba. Wanne bado nadaiwa, na bumu lijalo lina kazi yake tayari.