Jicho Lisilo na Kishimo

Nyuma ya jicho, upande wa ndani, kuna utando mwembamba upokeao nuru. Katikati yake pana kishimo kidogo, upana wake haufiki milimeta 2. Hapo ndipo tutambuapo herufi, na uso wa mtu ajaye mbali. Kishimo hicho huanza kufanyika mtoto angali tumboni, nacho hakifanyiki vema pasipo ile rangi nyeusi iliyomo machoni na katika ngozi. Basi mtoto mwenye ualbino, aliyepungukiwa na rangi hiyo, huzaliwa hana kishimo, au anacho nusu tu. Tena macho yake huchezacheza, na jua humwumiza.

Miwani humsaidia kidogo, walakini haiwezi kuchimba kishimo kisichokuwapo! Kwa hiyo akisogeza kitabu karibu na pua, si mvivu wala si mjinga, ndivyo asomavyo.

Hali hii haiambukizi. Hurithiwa kwa baba na mama pamoja, hata wote wawili wakiwa weusi. Lakini tangu mwaka 2007 hivi watu wengi wenye ualbino waliuawa pande za Shinyanga, Geita na Mwanza, kwa uongo kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Watoto wengi wakapelekwa Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa na kusoma.

Darasani mtoto wa namna hii akae mbele, dirisha lisimkabili, na mwalimu ayasome kwa sauti ayaandikayo ubaoni. Nje avae kofia pana.