Mbweha Mwekundu wa Hokkaido

Kaskazini ya nchi ya Japani kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Hokkaido, chenye theluji nyingi wakati wa baridi. Huko yuko mbweha mwekundu wa namna ya peke yake, ambaye Wajapani humwita kitakitsune, yaani mbweha wa kaskazini. Si kama mbweha tuwajuao hapa Kenya. Manyoya yake ni mazito, mekundu kama kutu, miguu ina weusi kama aliyevaa soksi, na ncha ya mkia ni nyeupe. Wageni wapitao barabarani humtupia mkate, ingawa wakubwa wa huko huwaonya wasifanye hivyo.

Sababu yake ni tegu mdogo sana, asiyefika milimita 5, akaaye matumboni mwa mbweha hao. Mayai yake hutoka pamoja na mavi na kuanguka majanini. Panya wa mwituni huyameza, na watoto wa tegu hukua katika ini lake. Mbweha akimla panya huyo, tegu hurudi alikotoka. Mtu huambukizwa anywapo maji ya kijito yasiyochemshwa, alapo matunda ya mwituni yasiyooshwa, au amshikapo mbweha kisha akala bila kunawa. Huenda miaka 10 ikapita asisikie maumivu yo yote, na huku ini lake laharibika kidogo kidogo. Akichelewa sana, hata kupasuliwa hakumfai.

Katika kisiwa kidogo cha Rebun, karibu na Hokkaido, watu waliuleta ugonjwa huu wenyewe. Katika miaka ya 1920 walipeleka huko mbweha kutoka visiwa vya Kuril, ili wale panya na ngozi zao ziuzwe. Shauri hilo lilionekana jema kabisa. Miaka ya 1930 watu wakaanza kuugua, na mwishowe wagonjwa walipita 100. Mbweha na mbwa wakaondolewa kisiwani, ugonjwa ukakoma. Lakini mwaka 1965 ulionekana mashariki ya Hokkaido yenyewe, ambako haiwezekani kuwamaliza mbweha, ukaenea. Tangu 1999 kila daktari Japani hulazimishwa na sheria kutoa habari ya mgonjwa wa namna hii, na mahali pengine hutawanywa chambo chenye dawa ya tegu.

Tegu wa jamaa moja na huyu yuko kwetu Turkana, ambako madaktari wamewapasua watu wengi wenye uvimbe wa maji tumboni. Huko amchukuaye ni mbwa wa nyumbani, alaye maini na mapafu ya mifugo yenye uvimbe kama huo. Nyama hizo zichomwe moto au zizikwe chini sana, mbwa asizifikie.